Nyanyua Simu, Usikilize

Wasikilizaji, kama nyumbani kwako ipo simu ya mezani, ile ya waya, nakuomba uinyanyue sasa hivi kabla sijaendelea. Usipige namba yoyote. Iweke sikioni, usikilize. Unasikia mlio mmoja mrefu, laini, usiokatika? Basi huenda waya wako ni mzima. Au mlio umechanganyika na mkwaruzo, kama mtu anayekaanga vitumbua chumba cha pili? Kama unasikia vitumbua, na kama intaneti yako inapita kwenye waya huo huo, basi nusu ya ugonjwa wa ruta yako umeshaijua, na hakuna aliyeigusa.

Hayo ndiyo mazungumzo yetu ya jioni hii: ruta ya DSL, ile inayochomekwa kwenye waya wa simu. Najua wengi wenu mnatumia simu za mkononi, na wengine mmeshavutiwa faiba hadi mlangoni. Lakini bado zipo nyumba, ofisi na shule ambazo intaneti yao inakuja kwa waya wa shaba, na malalamiko yanayonifikia ni yale yale: "Fundi, ruta imekufa." Naenda, natazama, na mara nyingi ruta ni nzima kabisa. Imesingiziwa. Inakaa mwisho wa njia ndefu yenye nguzo, makabati ya mtaani, viungio na soketi, na kila linaloharibika huko nyuma, lawama zinamwangukia yeye aliye mbele ya macho. Mimi naichukulia ruta kama shahidi. Imeona kila kitu. Kazi yetu ni kuihoji kwa utaratibu.

Kazi hii nilifundishwa na fundi wa laini wa zamani, mtu aliyepanda nguzo tangu Posta na Simu ni shirika moja, kabla hazijatenganishwa mwaka 1994. Akifika kwa mteja alikuwa anasalimia, anaomba simu, anaiweka sikioni na kufumba macho. Mimi kijana nimesimama pembeni, bisibisi mkononi, miguu inaniwasha. Yeye anasikiliza tu. Baadaye anasema, "Maji. Kiungio cha nje." Au, "Huku ndani ni salama, twende kwenye kabati." Ilinichukua miaka kuelewa kwamba sikio lile lilikuwa kipimo.

Tuanze na waya wenyewe, maana hapo ndipo wengi hatupafikirii. Kutoka kituo cha simu hadi ukutani kwako zinakuja nyaya mbili nyembamba za shaba, zimesokotana kama ususi. Zimesokotwa makusudi, ili kelele ya umeme inayoupata waya mmoja iupate na mwenzake kwa kiasi kile kile, na huko mwisho zifutane. Sauti ya mtu inatumia sehemu ndogo sana ya uwezo wa nyaya hizo, chini ya kilohezi 4. Yote yaliyobaki juu ya hapo yalikaa bure kwa miongo mingi. Mwishoni mwa miaka ya 1980 mhandisi Mmarekani, Joseph Lechleider, wa maabara za Bellcore, alionyesha kwamba ukiigawa nafasi hiyo bila usawa, upande wa kupokea ukapewa sehemu kubwa na wa kutuma sehemu ndogo, waya wa kawaida wa simu unabeba data nyingi kuliko ilivyodhaniwa. Hiyo ndiyo aina ya DSL iitwayo ADSL, na herufi A inasimamia huko kutolingana. Data unazotuma zinapita kati ya kilohezi 25 na 138 hivi. Unazopokea zinaanzia hapo hadi kilohezi 1,104, na toleo la baadaye, ADSL2+, likausogeza mpaka huo hadi megahezi 2.2.

Sasa ninyi ni watu wa redio, zisikilizeni namba hizo tena. Kilohezi 138 hadi 1,104. Redio za masafa ya kati hurusha kuanzia kilohezi 531 hadi 1,602. Maana yake waya unaoning'inia kutoka nguzoni hadi kwenye upenu wa nyumba yako ni antena ya redio, utake usitake. Na kila mwenye umri wangu anakumbuka kwamba masafa ya kati usiku huenda mbali sana. Stesheni usiyoipata mchana, saa 3 usiku inakuja wazi. Ndiyo sababu moja inayofanya laini dhaifu ya DSL isimame vizuri mchana kutwa na kuanza kuyumba jua likizama. Mteja anaapa kwamba kampuni inampunguzia kasi usiku. Huenda ni watu wengi kutumia mtandao kwa wakati mmoja, hilo nalo lipo. Lakini kama taa ya DSL yenyewe inazima na kuwaka upya, hilo haliletwi na wingi wa watu. Kuna kelele inaingia kwenye waya.

Nataka niwapeleke Tanga, Chumbageni, kwa mama mmoja mwalimu mstaafu. Jina lake nitalihifadhi. Alinipigia akiwa amechoka.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, baba. Karibu ndani. Hiki kidude kimenishinda, na vijana wawili wamekuja wakakibonyeza kile kitundu cha nyuma, kikakaa siku mbili hakina kitu kabisa."

Nikamuuliza inakatika saa ngapi. Wateja wengi watakujibu, "Muda wote." Mwalimu akaenda chumbani, akarudi na daftari la mistari, jalada la bluu. Ameandika kwa kalamu ya wino, mwandiko wa ubaoni: tarehe, saa iliyokatika, saa iliyorudi. Nikapiga mstari wa kidole toka juu hadi chini. Jumapili, saa 2 kasoro robo usiku. Jumapili, saa 2 na dakika 5. Jumanne mara moja, asubuhi. Jumapili tena. Kila inapokatika, inarudi baada ya dakika mbili au tatu.

"Jumapili usiku kuna nini hapa, Mwalimu?"

"Hakuna kitu. Binti yangu anapiga simu kutoka Maskati."

"Anapiga kwenye simu ipi?"

Akaninyooshea kidole simu ya mezani, sebuleni. Nikaufuata waya wake. Ilikuwa imepita kwenye kichujio, kiboksi kidogo cheupe chenye matundu mawili, moja la simu na moja la ruta. Mafundi tunakiita splita. Safi. Nikauliza kama ipo simu nyingine. Akasema ipo ya chumbani, mumewe marehemu aliiweka, haitumiki. Tukaenda. Simu ya zamani yenye kidude cha kuzungusha, imefunikwa kitambaa cha kufumwa, na waya wake umechomekwa moja kwa moja ukutani, bila kichujio.

Nieleze hapa kidogo. Laini ya simu ikiwa imetulia ina umeme wa volti 48 kutoka kituoni. Simu ikiita, kituo kinatuma umeme mwingine, wa kwenda na kurudi, unaoweza kufika volti 75 na zaidi, ili kengele ilie. Simu isiyo na kichujio inapoita, na hata inaponyanyuliwa, inauvuruga waya wote wa nyumba, na ruta inapoteza mazungumzo yake na mtambo wa kituoni. Lazima waanze upya kusalimiana na kukubaliana. Hizo ndizo zile dakika mbili au tatu za kwenye daftari. Simu ile ya chumbani haikuwa ikitumika kweli, lakini ilikuwa ikiita. Kila Jumapili, binti alipompigia mama yake, aliikata intaneti ya mama yake.

Nilichomoa ule waya wa chumbani. Kwa Mwalimu simu ile ilikuwa na uzito wa mtu aliyeiweka, kwa hiyo kesho yake nilirudi na kichujio kidogo, nikaichomeka tena kupitia hicho. Ruta yake sikuigusa.

Hapo mtaona kwa nini kitundu cha riseti kinanitia uchungu. Kukibonyeza kwa sindano kunarudisha ruta kama ilivyotoka kiwandani, na kinachofutika ni vitu ambavyo mteja mara nyingi hana nakala yake. Ruta ya DSL ina funguo tatu, na watu huzichanganya. Ufunguo wa kwanza ni wa kuingilia ndani ya ruta yenyewe: unafungua kivinjari kwenye kompyuta au simu, unaandika anwani, mara nyingi 192.168.1.1, na inakuuliza jina na neno la siri, ambavyo viwandani huviweka vya kawaida, pengine admin na admin. Ufunguo wa pili ni wa kampuni: jina la mtumiaji na neno la siri ambavyo ruta inavionyesha kwa kampuni ili ifunguliwe mlango wa intaneti. Ufunguo wa tatu ni wa waifai, ule unaowapa wageni. Riseti inafuta wa pili, inabadilisha wa tatu, na inarudisha wa kwanza kuwa ule ambao dunia nzima inaujua. Kijana amebonyeza kwa nia njema, ameondoka, na mwenye nyumba amebaki na kifaa kizima kisichojua kwao ni wapi.

Kwa hiyo kabla hujagusa kitundu kile, zima ruta kwenye soketi ya umeme, subiri dakika moja nzima, washa. Hilo halifuti kitu. Na leo usiku, kabla ya kulala, chukua karatasi. Andika funguo zote tatu. Wa pili kama huna, waombe kampuni wakutajie wakati laini bado ni nzima, kabla hujafika siku ya shida. Ifunge kwenye mfuko wa plastiki, uihifadhi pamoja na hati zako nyingine. Usiibandike juu ya ruta. Mgeni yeyote ataisoma.

Kwenye karatasi hiyo hiyo ongeza namba mbili ndogo zinazoitwa VPI na VCI, na aina ya muunganisho, PPPoE au PPPoA. Namba hizo ni kama chumba na kitanda: mtambo wa kituoni unakungoja mahali maalum, na ukibisha kwingine hakuna atakayekujibu. Hili huwapata sana wenzetu wanaoletewa ruta na ndugu kutoka Ulaya. Ruta ni nzuri, imara, ndugu ameibeba kwenye begi kwa mapenzi. Inachomekwa, taa ya DSL inatulia kijani, lakini intaneti haiji. Ukiingia ndani unakuta imepangwa kwa ajili ya kwao: Uingereza wametumia 0 na 38 na PPPoA, Ujerumani 1 na 32. Sehemu nyingi duniani ni 0 na 35 au 8 na 35, lakini usibahatishe, uliza kampuni yako. Ukibadilisha tarakimu hizo mbili na aina ya muunganisho, ukaweka ufunguo wa pili, mara nyingi ruta ya ndugu inafanya kazi siku hiyo hiyo. Na kama imeunganika lakini baadhi ya kurasa zinafunguka na nyingine zinaganda nusu, tazama mahali palipoandikwa MTU. Kama PPPoE inatumika, namba inayofaa ni 1492 badala ya 1500, kwa sababu PPPoE yenyewe inakula baiti 8 katika kila kifurushi.

Taa sasa. Watu wanaziangalia zote kwa pamoja kama mapambo ya harusi, na wanaona tu kwamba "zinawaka". Ukizisoma moja moja, kwa mpangilio, zinakwambia safari imekatikia wapi. Ya umeme kwanza. Kama hiyo inapepesa, au ruta inajizima na kujiwasha yenyewe, shika adapta kwa mkono. Adapta iliyochoka huwa moto kuliko kawaida, na kuibadilisha ni kazi ndogo kuliko kununua ruta. Ya pili ni DSL. Ikipepesa, ruta inamwita mtambo wa kituoni na bado hajaitika, au wanajadiliana. Ikitulia, wamekubaliana. Taa hii inahusu waya wa shaba peke yake: haijui jina lako, haijui kama umelipa. Ya tatu ni ya intaneti. DSL ikiwa imetulia na hii ni nyekundu au imezima, acha kuhangaika na nyaya. Tazama ufunguo wa pili, zile namba mbili, au bili. Na zote tatu zikiwa nzuri huku kurasa hazifunguki kwenye kompyuta, shida iko ndani ya nyumba, kati ya ruta na kifaa chako. Chomeka kompyuta kwa waya wa mtandao. Zikifunguka kwa waya na hazifunguki kwa waifai, umeshapata mtaa, imebaki nyumba.

Kuna ukurasa mmoja ndani ya ruta ambao ningependa kila mwenye laini aujue kama anavyojua mita yake ya umeme. Hauna picha, umejaa tarakimu. Namba mbili ndizo za kutazama. Ya kwanza ni atenyuesheni, kiasi ambacho ishara imefifia njiani. Inapimwa kwa desibeli, na kwa ADSL unaweza kukadiria desibeli 14 kasoro kidogo kwa kila kilomita ya waya. Ya Mwalimu ilisoma 41. Kilomita 3 hivi. Hiyo haibadiliki sana, ni umbali wako na kituo, na hakuna ruta itakayoukata. ADSL2+ inaweza kufika karibu megabiti 24 kwa sekunde kwa aliye jirani na kituo. Aliye kilomita 5, akipata 1 au 2 ashukuru. Nasema hivi kwa sababu nimeona watu wakinunua ruta tatu mfululizo kutafuta kasi ambayo waya wao hauna.

Namba ya pili imeandikwa kwa herufi tatu, SNR, na pembeni yake neno la kumaanisha akiba. Ni kiasi ambacho ishara imeizidi kelele, kupita kile ambacho laini inahitaji ili isimame. Ikiwa desibeli 10 na kuendelea, unalala usingizi. Ikiwa 6, inatosha. Ikishuka chini ya hapo, laini inayumba, na ikikaribia sifuri inakatika. Iandike asubuhi, mchana na usiku kwa siku tatu. Namba hizo tisa zitamsaidia fundi kuliko saa nzima ya maelezo.

Kelele yenyewe inatoka wapi? Wakati mwingine inatoka mahali ambapo hakuna mtu angefikiria. Huko Wales, katika kijiji kiitwacho Aberhosan, intaneti ya kijiji kizima ilikuwa inakufa kila siku saa 1 asubuhi, kwa miezi 18. Wahandisi wa Openreach, kampuni inayotunza nyaya za Uingereza, walikuja mara kwa mara, wakabadilisha hadi kebo, na shida ikabaki pale pale. Mwishowe, mwaka 2020, walifika alfajiri na kifaa cha kupima mawimbi, wakatembea kijijini kwenye mvua. Saa 1 kamili kipimo kikaruka. Wakaifuata ishara hadi kwenye nyumba moja. Mwenyeji alikuwa na televisheni ya zamani aliyoinunua mkononi, na kila asubuhi saa 1 aliiwasha. Ilikuwa inamwaga kelele ya umeme iliyoingia kwenye nyaya za kijiji chote. Mwenyewe alipoambiwa alisikitika sana, akakubali kuizima moja kwa moja.

Kipimo cha wahandisi wale ni ghali. Lakini nimeshawaambia masafa ya kati yamo ndani ya njia ya DSL, kwa hiyo kipimo cha maskini kiko mkononi mwako sasa hivi, kama redio yako ina masafa hayo. Iweke mahali pasipo na stesheni, karibu na kilohezi 600. Utasikia mvumo mdogo. Tembea nayo polepole nyumbani. Ipeleke kwenye adapta ya simu, kwenye taa za bei nafuu, kwenye televisheni, kwenye chaja ya betri ya sola. Panapotoka ukelele mkali, zima kifaa hicho, halafu katazame akiba ya SNR kwenye ule ukurasa. Mara moja nilimkuta mtu ambaye adhabu yake yote ilitoka kwenye adapta ya taa iliyokuwa imefungwa pamoja na waya wa simu kwa utepe mmoja, ili pawe nadhifu. Nilizitenganisha kwa upana wa mkono, nikaondoka.

Jambo la radi niliseme kwa uzito wake, maana masika haisubiri. Wingu likianza kunguruma, watu wengi huchomoa umeme na kuridhika. Waya wa simu nao ni shaba, nao umetandazwa juu ya nguzo kilomita kadhaa, na radi ikipiga jirani, pigo linaweza kuingia kupitia huko. Nimefungua ruta nyingi ambazo upande wa umeme ni mzima na upande wa laini umeungua hadi plastiki imebadilika rangi. Chomoa vyote viwili. Na uchomoe mapema. Radi ikishakuwa juu ya paa, kaa mbali na waya huo na mkono wa simu ya mezani.

Halafu ule ufunguo wa kwanza, wa admin. Tafadhali ubadilisheni. Mwaka 2011 huko Brazili, wahalifu walitumia upenyo katika programu za modemu za DSL, wakaingia katika modemu zipatazo milioni 4.5.  Walibadilisha DNS, yaani mahali ambapo modemu huuliza kila jina la tovuti lina namba gani. Mtu anaandika jina la benki yake kwa usahihi, herufi kwa herufi, na anapelekwa kwenye ukurasa wa uongo. Kompyuta yake ni safi, amefunga kila mlango, na mwizi amekaa kwenye kiboksi cha ukutani. Kwa hiyo ukiwa ndani ya ruta, ingia kwenye DNS uone kama namba zilizopo ni za kampuni yako au ulizoweka mwenyewe. Badilisha neno la siri, pakia programu mpya ya ruta kama mtengenezaji ameitoa, na zima ruhusa ya kuiingia kutokea nje. Waifai iwe na ulinzi wa WPA2 au wa juu yake.

Na kampuni za simu nazo nina ombi kwao, nalisema bila kumtaja yeyote. Mimi mwenyewe nimewahi kukaa kwenye simu ya huduma kwa wateja dakika 40, nina namba zote mkononi, SNR imeshuka hadi 3, mlio una mkwaruzo, nimeshachomoa kila kitu na kujaribu kwenye soketi ya kwanza. Sauti upande wa pili, ya upole kabisa, ikaniambia nibonyeze kitundu cha riseti. Nikaeleza tena. Ikarudia. Yule kijana simlaumu, alikuwa anasoma karatasi aliyopewa. Wabadilishieni karatasi. Swali la kwanza liwe: ukinyanyua simu unasikia nini? Na mteja mpya anapofungiwa laini, mpeni kadi iliyochapwa yenye mipangilio yake yote. Ni kadi moja tu, na itaokoa safari nyingi za mafundi.

Nirudi kwa Mwalimu, maana habari yake haikuishia kwenye kichujio. Jumapili zilitulia. Ikaja mvua ya Aprili, akanipigia: inakatika tena, na safari hii hakuna saa maalum. Alikuwa ameshajifunza ule ukurasa. Akanisomea kwa simu: "Juzi kumi na moja. Jana saba. Leo asubuhi nne, na mvua inanyesha." Nikamwambia anyanyue simu asikilize. Kimya kidogo. "Nasikia kama mafuta ya moto," akasema.

Nikaenda na ngazi. Chini ya upenu, upande unaotazama bahari, kulikuwa na kisanduku kidogo cha plastiki, mahali waya wa nguzoni unapokutana na waya wa ndani. Kifuniko kilikuwa kimepasuka. Ndani, sisimizi wamejenga, na shaba imeota kutu ya kijani, ile ya chumvi ya bahari, imevimba kama ukungu kwenye mkate. Nilipougusa ule muungano waya mmoja ulikatika wenyewe. Nilikata shaba iliyoliwa, nikarudi nyuma hadi nilipofika penye rangi yake nyekundu, inang'aa. Nikaunganisha upya kwa viungio vyenye grisi ndani, vinavyozuia maji, nikafunga kisanduku kipya mdomo ukitazama chini ili tone lisiingie. Kwa kawaida kazi ya nje ni ya kampuni. Walikuwa wamearifiwa, na wakanipa ruhusa.

Niliposhuka Mwalimu alikuwa amekaa mbele ya kompyuta, daftari wazi, kalamu mkononi. Kumi na mbili, akasoma, akaandika. Tukakaa kunywa chai, mvua bado inapiga mabati. Nje kulikuwa kumeshaanza kuwa giza. Simu ya chumbani, ile ya kuzungusha, ikaanza kuita chini ya kitambaa chake, na sote wawili tukageuka kuitazama taa ya DSL. Haikutikisika. Akainuka kwenda kuipokea.